Mistari Miwili

Fomu imeniachia mistari miwili ya nukta nukta:
Eleza kwa nini umechagua chuo hiki.
Nimeandika: ubora wa taaluma na mazingira tulivu.
Baba amesoma, ameguna kwa kuridhika,
amerudi kwenye hesabu zake za spea za Gerezani.

Sikuandika kuhusu Goba.
Sikuandika kwamba kijitabu chao, ukurasa wa pili,
kabla ya maktaba, kabla hata ya mkuu wa chuo na tai yake,
kilikuwa na uwanja wa kikapu wa ndani,
sakafu ya mbao inang'aa kama imepakwa samli,
na kwamba nililalia ukurasa huo siku nne
kama mtu aliyeletewa barua ya posa.
Baba alikuwa tayari kuuza kiwanja cha Chanika
ili mimi nipate kiwanja cha Goba.
Yeye alidhani ananunua shahada.

Jumamosi nikaenda na Mwajabu.
Raba mkobani, mtumba wa Karume,
nimezisugua kwa mswaki mkuukuu hadi zikaona haya.
Wakatutembeza: huku kompyuta, huku bustani,
hapa ndipo mtapigia picha za mahafali.
Nikauliza, na uwanja?
Dada wa mapokezi akatabasamu upande mmoja.

Kufuli. Kubwa kuliko ngumi ya Mwajabu.
Nikabandika paji la uso kwenye kioo.
Mle ndani watu wa benki, vitambi ndani ya jezi mpya,
walidunda mpira kama wanaotwanga kisamvu.
"Wamekodi," mlinzi akasema. "Jioni zote na wikiendi.
Wanafunzi ni Jumatano, saa nane mchana, kwa kibali."
Kibali cha nani?
"Cha mwalimu wa michezo."
Yuko wapi?
Akatazama mbali, kama mtu aliyeulizwa habari za marehemu.

Kijichi hatukupanga.
Shangazi yake Mwajabu alikuwa na mgonjwa huko,
na nyuma ya ukuta wa chuo, tukikatiza,
nikasikia ile sauti: du, du, kimya, halafu matusi.

Saruji. Ufa kutoka kona hadi kona,
wenyewe wanauita Msimbazi, na masika, eti, unafurika.
Ringi imeinama kama anayesikiliza umbea.
Nyavu ni gunia la vitunguu, jekundu, limekatwa kitako.
Wasichana tisa. Tisa hawagawanyiki.
"We mrefu! Hizo raba umezibebea harusini?"

Sikujibu. Nilikuwa tayari nafunga kamba.

Tulicheza hadi mpira ukawa sauti tu gizani,
tukabishana matokeo hadi mlinzi akaja na tochi,
si kutufukuza, kutoa ushahidi:
"Thelathini na moja kwa ishirini na nane. Nilikuwa nahesabu."
Goti langu likabaki na kipande cha Msimbazi.

Kozi? Ugavi na manunuzi.
Sijui kama naipenda. Maktaba yao sikuiona,
nasikia ipo, nasikia ina feni moja.
Mwajabu anasema nimechagua kama mtoto,
na huenda ni kweli. Yeye amekwenda Goba,
kwa ajili ya kompyuta, na kompyuta zinawaka.

Usiku, mezani, baba ameishika tena fomu.
"Mazingira tulivu," anasoma polepole,
halafu macho yanateremka hadi kwenye goti langu,
yanakaa hapo muda wa kutafuna tonge moja.
"Wana kikapu huko Kijichi?"
Kibovu, baba.
"Hata chetu kilikuwa kibovu."

Sijawahi kujua kwamba walikuwa nacho.
Nikangoja aseme zaidi. Akaomba chumvi.
Kisha akainuka, akaenda kabatini,
akarudi na pamba na chupa ya spiriti,
na ile hati ya Chanika aliyoitoa wiki iliyopita
akairudisha chini ya vitambaa, akafunga.