Kipimo cha Shaba

Nilidhani ni chumvi.
Punje tatu kwenye pezi la kangaja,
nyeupe, ndogo kuliko ufuta,
na mimi ndiye ninayekoroga chumvi kila Jumatano
kwa ndoo na mwiko wa bukari.
Nikasema haikuyeyuka vizuri,
nikarudi kwenye faili za wagonjwa.

Kesho yake alijikuna kwenye jiwe
kama mtu aliyevalishwa gunia.
Kesho kutwa punje hazikuwapo.
Daktari Numbi, vidole vikinukia karafuu,
akainama kiooni: "Si unaona, Mwape? Amepona."

Hakupona.
Walikuwa wameshuka mchangani,
kila mdudu ndani ya kibumba chake,
akijigawa, wawili, wanne, mia na zaidi,
wakingoja alfajiri, kliniki giza,
umeme umekatika Kamalondo nzima,
watoke pamoja kutafuta ngozi.

Aliyewaleta ni kitatange,
ana mistari kama kitenge cha sikukuu,
aliyevuka Kasumbalesa katika mfuko uliovimba hewa
nyuma ya lori la Dar.
Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Huyu alihitaji siku arobaini na beseni lake mwenyewe.
Hakuna aliyeniambia.
Au niliambiwa: Bwana Shekimweri alisema kwa simu,
nikaitikia ndiyo, ndiyo,
huku nahesabu pesa za dereva.

"Dawa yake shaba," akasema sasa.
Nilicheka mpaka nikakaa chini.
Shaba! Mimi,
ninayeanua nguo zikiwa na vumbi la lile bomba refu,
ambaye baba yangu alisimama miaka thelathini mbele ya tanuri,
nisubiri shaba itoke baharini
kwenye kichupa cha matone!

Nikampelekea baba habari.
Hukohoa kabla ya kusema, hukohoa baada.
"Kiasi gani?"
Robo ya miligramu kwa lita.
"Ikipungua?"
Mdudu anaishi.
"Ikizidi?"
Samaki anakufa.
Akageukia ukuta.
"Sisi hawakutupimia."

Nikatenga beseni: halina mchanga, halina jiwe,
vipande vya bomba la plastiki tu vya kujifichia.
Kamba mwekundu hakuhamishwa,
shaba humuua hata kidogo.
Alibaki peke yake katika bwawa kubwa
siku sabini na sita,
akifagia jumba ambalo wenyewe wamelazwa,
na wale wa mchangani wakizuka, wakikosa ngozi,
wakifa njaa, bila sauti.

Kitatange alikufa siku ya tatu.
Nilimfunga kwenye karatasi ya miadi.
Kila jioni nilipima, maji yakageuka samawati hafifu,
nikayalinganisha na kadi dirishani,
na umeme ulipokatika
nikalala sakafuni na pampu ya betri
ikinguruma sikioni kama kibogoyo anayesali.

Siku ya tisa kangaja alichukua kipande cha mwani.
Akakitema.
Akakifuata kilipokuwa kinazama, akakila.

Mama mmoja, shavu limevimba, khanga kinywani,
aliuliza mbona tumebaki na bwawa tupu.
Si tupu, nikamwambia.
Akatazama mpaka jina lake likaitwa mara mbili.

Sasa amerudi nyumbani, wa bluu, mwembamba kidogo.
Bado nafika mapema na tochi
kabla sijafungua mapazia.
Jana niliona punje ubavuni, magoti yakalegea:
lilikuwa povu, likapanda, likapasuka.
Nikapima maji hata hivyo.

Na kila Jumapili, kabla sijavua viatu,
baba ananiuliza kutoka kitandani,
"Yule samaki wako,
anapumua vipi?"