Usinipe za Buluu

Kerubo alikuja na ndoo mbili na mfuniko mmoja,
akasimama langoni mwa kiwanda, Dagoretti, saa moja asubuhi:
"Nataka makwanguo. Yale ya kabla ya pipa la dawa.
Usinipe za buluu."

Nilicheka. Miaka kumi na mmoja
nimekwangua ngozi kwa kisu cha mipini miwili,
utando, mafuta, vinofu alivyosahau mchinjaji,
vyote nikivisukuma kwa buti hadi mtaroni,
na hakuna aliyewahi kuviulizia,
sembuse kuvijia na ndoo.
Ngozi ivute ingali maji, husema methali.
Haisemi lolote
juu ya kinachodondoka wakati wa kuvuta.

Akaosha chokaa mara saba
kama aoshaye maiti ya mgeni,
akichovya kikaratasi mpaka kikaacha kubadilika.
Akachemsha. Akaanika juu ya mabati, akipigana na kunguru.
Akasagia kwenye kinu cha Mutuku,
naye Mutuku akamdai fidia:
unga wa wateja siku ile ulinukia zizi.

Chembe za kwanza zilielea mchana kutwa.
Perege wa Ruai, kwenye kidimbwi cha turubai,
walizizunguka, wakazinusa, wakarudi chini.
Za pili alitia pumba na mhogo.
Maji yakachemka kwa midomo.

"Zamani niliwapa dagaa," aliniambia.
"Siku moja Gikomba, mbele yangu, mama mmoja
alinunua wa shilingi ishirini, wa watoto wanne.
Mimi nyuma yake na gunia zima.
La samaki."
Akafunga ndoo. Hakuongeza neno.

Juzi kaniletea mmoja, kwenye gazeti.
Mke wangu kamkaanga, kauliza kalishwa nini.
Nikatazama kucha zangu, za manjano kwa chokaa,
nikasema, "Kula kwanza."
Akala mpaka macho ya samaki.

Lakini nyuma ya ukuta wa kiwanda
rundo la buluu liko palepale,
halioti jani, halitui nzi,
na mvua ikinyesha najua linashukia wapi.
Nimemwonyesha Kerubo.
Aliliangalia kwa muda mrefu, ndoo mkononi.
"Hilo bado," akasema,
akachukua yake, akaenda.