Kichupa cha Gidamis

Gidamis alinikabidhi kichupa cha peremende,
ndani kupe saba, mmoja bado anatikisa miguu.
"Mmojawapo," akasema, "ndiye aliyemlaza mwanangu."

Sikuwa na sindano. Nilikuwa na kompyuta kuukuu,
chumba cha kupanga Ruangwa, nyuma ya ghala la korosho,
na yuniti nne za umeme.

Majibu ya maabara yalikuja baada ya miezi:
kirusi, herufi elfu kumi na moja na ushei,
barua ya mdai, haina salamu.
Nikaiambia mashine: nitafutie kipande kifupi
ambacho damu ikikiona mara moja
haitakisahau.

Feni ilikoroma usiku kucha.
Vipande mia tatu. Arobaini. Sita.
Alfajiri yuniti zikaisha,
kioo kikawa cheusi, nikajiona mwenyewe.

Akaja na maziwa kwenye galoni.
Vile sita nilikuwa nimevinakili kwa kalamu.
Akaishika karatasi juu chini.
"Ndiyo chanjo?"
"Bado. Kuna panya kwanza, kuna miaka."
Akaikunja, akaitia mfukoni pamoja na pesa.
"Na ng'ombe wa leo?"

Nikatoa glavu, jozi mbili.
Tukaenda zizini.