Sifuri Nukta Nane

Niliandika "jembamba" usiku wa kuamkia Jumatatu,
kahawa imepoa, nyumba nzima imelala,
nikalipenda neno lile kwa upana wake.
Ndiyo kazi yetu sisi waandishi wa madai ya hataza:
kuzungushia ua shamba tusilolipima
na kuomba jirani asije na kamba yake.

Leo, Munich, ghorofa ya saba,
mkaguzi Brusaferro amevua miwani.
Ana sauti ya mtu anayemuuliza mtoto kama amenawa.
"Dai la kwanza. Njia ya kutengeneza bapa jembamba la metali
kwa mwali wa leza na unga wa nikeli.
Jembamba kuliko nini, Bwana Haslinger?"

Nikasema, fundi yeyote anajua.
"Fundi yupi? Wa saa, au wa meli?"

Ukuta mwembamba hupitisha ugomvi wa jirani.
Kitabu chembamba chaweza kumaliza mwaka mzima.
Uzi mwembamba hushona,
sauti nyembamba hukata.
Neno hili hubadili vazi kwa kila linayefuatana naye;
likibaki peke yake mbele ya sheria
li uchi, na meno yanagongana.

Kando yangu, Walburga Stöckl, mwenye uvumbuzi,
miaka thelathini na mmoja ya kulehemu kule Augsburg,
unyusi mmoja haujarudi tangu ajali ya gesi.
Hakuniomba ruhusa. Akafungua mfuko wa chakula,
akatoa bapa la injini ya ndege
lililoviringwa kwa taulo la jikoni.
Ncha ilikuwa imelika; juu yake sasa
umekaa mstari mweupe ambao ukucha hauuoni.
"Shika."

Akashika. Akapitisha kidole gumba, akakirudisha.
Niliona amependa.
Kisha akalilaza juu ya taulo kama kitu kilicholala usingizi.
"Bi Stöckl, bapa linasema kweli.
Lakini halitakuwepo siku mtu wa Lyon au Osaka
atakaposoma dai hili ajue asimame wapi.
Karatasi itakuwa peke yake."

"Basi andika milimita moja na robo," akasema Walburga.
"Ikizidi hapo, joto lina pa kukimbilia.
Ikipungua, ukichelewa kope moja tu, chuma kinalia."

Moja na robo! Nilikwisha kuishika kalamu.

"Imeandikwa wapi katika ombi la kwanza?"

Tukafunua. Yeye alilamba kidole, mimi nilitoka jasho.
Huruhusiwi kuleta leo tarakimu
ambayo siku ya kwanza hukuitaja.
Ukurasa wa kumi na moja, mfano wa pili:
bapa lenye unene wa milimita sifuri nukta nane.
Basi. Hiyo tu.

Na mimi peke yangu mle chumbani nilijua
kwamba barua ya Walburga ilikuja na vipimo vitatu.
Viwili nilivifuta kwa mkono wangu,
visije vikatubana.

Saa tisa na nusu dai likapita:
unene usiozidi milimita sifuri nukta nane.
Brusaferro alitupa mkono. Lilikuwa dai safi,
lisilo na ukungu, na dogo
kama chumba cha kupanga.

Stesheni, tukingoja treni ya Augsburg,
nilimweleza habari ya ile barua.
Hakunitukana. Ningependa angenitukana.
Alikaza taulo kwenye bapa, akafunga fundo.
"Kati ya nukta nane na moja na robo
pana nini?"

"Karibu nusu milimita."

"Humo ndimo nilimofanya kazi miaka tisa,"
akasema, huku akitazama reli.
Halafu akanigeukia:
"Karibu, kiasi gani?"