Sega la Kizota

Watu walidhani ni samaki.
Saa kumi na moja alfajiri, upepo ukitoka mashariki,
mtaa mzima wa nyuma ya reli ulinuka ng'onda,
na hapa Kizota hakuna hata dimbwi,
na pikipiki ya perege wa Mtera huja Alhamisi tu.
Sechelela alifunua sufuria zake moja baada ya nyingine,
kisha akampiga paka wa jirani
kwa kosa ambalo paka hakulijua.

Tulikuwa sisi.
Kiwanda cha ngozi bandia, geti la bluu.
Kiyeyusho kinacholainisha ile ngozi isiyo na ng'ombe
hupanda na joto, huingia dohani, hutoka
na naitrojeni imejibanza katikati ya kaboni
kama sarafu iliyofungwa kwenye pindo la khanga.

Chomeni, alisema msimamizi Ndahani.
Tukachoma. Nyuzi mia nane, kichomeo kikinywa dizeli bila kupumua.
Harufu ikafa siku hiyohiyo,
watu wakatuletea shukrani na karanga.
Mimi ndiye niliyekuwa na geji.
Naitrojeni ikiunguzwa kwa pupa
hutoka imejitwika oksijeni:
utepe wa kahawia juu ya paa, mwembamba,
ukakereketa makoo ya watoto wanaowahi namba shuleni.
Tumemfukuza mwizi, tumemkaribisha mchawi.
Niliandika hivyo kwenye daftari la zamu.
Ndahani akaifuta sentensi, namba akaziacha.

Sega likafika kwenye kreti, limeviringishwa kama kichanga:
kauri nyeupe, matundu elfu na zaidi,
kuta zake zimepakwa shaba na chembe za madini ya bei.
Siku ile baba alikuwa amekuja kutoka Itigi na ndoo yake ya asali.
Miaka arobaini anatundika mizinga.
Alilielekeza juani, jicho moja kafumba.
"Nyuki gani huyu," akauliza, "anayejenga pembe nne?"

Sikuwa na jibu la kikemia.
Nikamwambia: baba, hili ni mshenga.
Linaukalisha mvuke na hewa kwenye mkeka mmoja,
linasema maneno ambayo wao wenyewe wasingethubutu,
na ndoa ikifungwa
linarudi kwake lilivyokuja, bila mke.
Akacheka. "Basi lilipeni mbuzi."

Lakini mshenga naye ana saa zake.
Nyuzi mia mbili na themanini: amonia, macho yanatoka maji.
Mia nne: ule utepe wa kahawia.
Katikati pana kichochoro.
Usiku wa tatu nilikipapasa kwa vali, nyuzi mbili, nyuzi moja,
chai ikipoa, treni ya mizigo ikipita bila kuniuliza,
mpaka mia tatu na ishirini na sita
sindano zote mbili zikalala.
Naitrojeni ilitoka mbili mbili, imeshikana mikono,
haidai kitu,
hewa ileile inayopita juu ya zabibu na uwele
tangu kabla hatujawa na neno la kuiita.

Alhamisi simu ya malalamiko ikaita.
Mmeanza tena, ilisema sauti ya mwanamume, ikakata.
Nilikimbilia geji. Sindano zimelala.
Nikatoka getini, nikafuata pua yangu
mpaka kwa Sechelela, anakaanga perege,
paka amekaa kwa heshima umbali wa hatua mbili.

Sikumpigia yule mtu kumweleza.
Nilirudi nikaandika: saa saba na dakika kumi, shwari.
Chini yake, kwa penseli, kitu ambacho Ndahani atakifuta:
vumbi la Dodoma limeanza kuziba matundu ya pembeni.
Sega linachoka.
Nani atamwambia mshenga apumzike?