Shavu la Mfalme

Njoo karibu na dirisha. Hapa Stesheni
mwanga wa kweli ni wa saa nne asubuhi,
kabla bati halijaanza kulia kwa joto.
Taa ya umeme ni mshenga:
kila kilicholetwa kwake hukisifu.

Nishani naishika ukingoni, kwa ncha za vidole viwili.
Jasho la mkono hula madini polepole
kuliko mchwa wa Isevya walavyo mlango,
lakini hula.

Kalunde ameitoa kwenye kopo la maziwa ya unga,
imeviringwa kipande cha kanga kisicho na jina tena.
"Ya babu Misigaro. Alikwenda Bama, Keya."
Mnunuzi anaondoka na treni ya jioni.
Anataka neno langu moja kwenye karatasi:
kamili, nzuri, wastani, chakavu.
Neno moja tu, na bei hulifuata kama ndama.

Basi natazama palipoinuka.
Kuchakaa hakuanzii bondeni.
Huanza na nywele za juu ya sikio,
hupita kwenye nyusi, hutelemka shavuni;
mashimo ya herufi hubaki na ujana wao.

Nywele zimekwisha. Nyusi sizioni.
Shavu la mfalme limekuwa laini
kama kipande cha sabuni wiki ya pili.
Nageuza. Nyuma, simba amesimama juu ya joka,
na manyoya yake yapo,
unywele kwa unywele, makali kama ya jana.

Hapo naweka lenzi mezani.

Nishani iliyovaliwa huliwa mgongo,
inakosuguana na shati, gwaride kwa gwaride.
Hii imeliwa uso.
"Nani alikuwa akiisugua?"

"Bibi Nyanzobe," anasema, anatazama pembeni.
"Kila akitoka posta kuulizia pesa za babu,
akiambiwa bado, mama, bado,
alikaa kizingitini na majivu na ndimu.
Akimsugua huyu bwana usoni, akisema:
uso umeumbwa na haya,
ngoja niyatafute, yatakuwa chini kidogo."

"Miaka mingapi?"
"Mpaka mwaka wa Elinino. Tulimzika kwenye matope."

Sasa nifanyeje mimi, Sizya, fundi saa,
niliyejifunza kazi hii kwa kukosea?
Utepe uliopauka nausamehe.
Pigo la ukingoni, pale penye saa tatu, nalisamehe pia
(walipondea karanga, ameniambia bila kuulizwa).
Lakini kusugua sisamehi.
Kuanguka ni ajali. Majivu ni nia.

Nazungusha ukingo wote chini ya lenzi.
Hakuna jina. Hazikuandikwa hizi,
zilitoka kiwandani bubu, maelfu kwa maelfu,
za waliorudi na za wasiorudi.
Hakuna mahali chuma hiki kinasema Misigaro.
Kinasema kidole gumba cha mwanamke mmoja,
upana wake, mwelekeo wake, kutoka sikioni kwenda mdomoni,
na mdomo wenyewe umebaki mstari.

Naandika: chakavu.
Kalamu inakataa kunyanyuka, naongeza:
mbele, kwa mkono. Nyuma, kamili.

Anasoma taratibu, midomo ikicheza.
"Kwa hiyo bibi ameshusha bei?"
"Zaidi ya nusu."
Anacheka mpaka anashika meza,
na saa zangu za ukutani, zisizokubaliana hata mbili,
zinaendelea kubishana juu yake.

Kisha, kabla ya kuirudisha koponi,
analowesha ncha ya kanga kwa mate
na kumpitishia mfalme shavuni, mara moja, kwa nguvu.

"Usi—" nikaanza.
Nikanyamaza.