Nipe Mji

Bwana Mbarouk kasema: chagua moja, Mize, mpaka Ijumaa,
na usinieleze kwa maneno ya mafundi.
Basi nimeziwasha programu zote mbili
kwenye kompyuta kuukuu mbili, meza moja,
feni inayokwama ikizitazama kwa zamu.
Majina yake ya kiwandani yananikwaruza ulimi;
nimezipa yangu.

Ya kwanza, Tarishi.
Unabisha hodi, anakukabidhi barua, anakung'uta mikono.
Kwake hakibaki hata kivuli cha bahasha.
Chakula chake kidogo. Kumbukumbu hana.

Ya pili, Karani.
Barua hakupi, anakuonesha.
Nikiisoma hapa Wete anatia alama,
na Shaame, gatini Mkoani, simu mkononi,
anaikuta imesomwa, na nyota niliyoibandika ingali palepale.
Lakini ana faharasa, na faharasa ina faharasa yake,
na diski usiku kucha inachakura kama kuku jaani.

Jumatatu: mbio.
Barua elfu sita, ankara, zabuni,
vipimo vya mafuta ya makonyo.
Tarishi dakika nne.
Karani kumi na moja, chai yangu ikaota utando.
Daftarini: Tarishi.

Jumanne nilitaka kuchomoa waya nione nani atazimia;
umeme ukaniwahi, ukakatika wenyewe.
Uliporudi, Tarishi kaamka, kajifuta vumbi,
kaianza upya barua aliyoiachia njiani.
Karani kakaa dakika arubaini
akihesabu makaratasi yake kama mtu aliyeibiwa.
Daftarini, kwa wino mzito: Tarishi.

Jumatano ikanyesha.
Juu ya meza ya Zuwena bati lina tundu
tunalolijua sote na hatulizibi.
Kompyuta yake ikanywa mpaka ikakata roho,
na ndani yake barua ya Surabaya
aliyoileta Tarishi asubuhi ile.
"Wamesemaje?"
"Wamesema: tunakubali bei yenu ikiwa..."
"Ikiwa nini, Zuwena?"
"Sikufika. Nilikwenda kutafuta ndoo."

Nikamuuliza Tarishi. Tarishi hajui.
Kazi yake ilikwisha saa tatu.

Kitendawili!
Tega.
Nimempa, na bado ninacho.
Wakabahatisha: elimu. Salamu. Mafua.
Mmeshindwa, nipeni mji.
Nikapewa Chake, nikaikataa, nikapewa Wete,
nikala, nikashiba, nikamfungua Karani:
barua imekaa kitako, mstari wa pili haujalowa,
ikiwa magunia yatapakiwa kabla ya mwezi kwisha.

Ijumaa, kabla ya sala, Bwana Mbarouk kaja, kofia mkononi.
Hakuuliza dakika.
"Huyo Karani wako, atazirudisha barua za Faki?"

Faki Othman alishika ankara kabla yangu, miaka kumi na tisa.
Zake zilishuka zote kwenye mashine moja,
na alipofariki, wanawe wakaiuza Chake pamoja na friji.
Kilichobaki ni maneno yake ndani ya majibu ya wengine,
kila mstari umetanguliwa na mshale mdogo:

> karafuu zimekauka vizuri
> samahani kwa kuchelewa, mtoto alikuwa na homa

Hakuna aliyeyatunza kwa makusudi.

"Hapana, Bwana. Anaweka zijazo tu."
Akanyamaza mpaka feni ikakwama, ikajikwamua.
"Mali bila daftari," akaanza, akaiachia hapo,
mwisho wake sote twaujua.
Kisha, mlangoni, akivaa viatu:
"Nunua diski mbili. Na hilo bati."

Daftarini nimemkata Tarishi mara mbili.
Chini ya mistari bado anasomeka.